Nitawaongozaje wanafunzi wangu katika makala ya utafiti ya mihula miwili?

SWALI

Kwako Mhariri,

Ninafundisha Jiografia katika shule ya bweni hapa Nakuru. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu muhula mzima waandike makala ya utafiti kuhusu mazingira ya kaunti yetu. Nilipozikusanya, nyingi zilikuwa zimenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye intaneti, na baadhi ya wanafunzi walikuwa wameanza kuandika juma la mwisho. Mwaka huu nitawapa mihula miwili. Nina wanafunzi 52, hawaruhusiwi kuwa na simu, na maabara ya kompyuta tunaipata mara moja kwa juma. Nifanyeje ili kazi iwe yao kweli? Na je, niwadai kurasa ngapi?

Mwalimu, Nakuru

JIBU

Mwalimu mwenzangu,

Muda uliouongeza utakufaa iwapo utabadilisha pia kile unachowapa wanafunzi siku ya kwanza. "Mazingira ya kaunti yetu" ni mada, tena pana mno, na mwanafunzi aliyepewa mada pana hutafuta mtu aliyekwisha kuiandika akamnakili, kwa sababu yeye mwenyewe hajui anachokitafuta. Aliye na swali lake, ambalo jibu lake halipatikani mahali pamoja, hana cha kunakili hata akitaka. Kwa hiyo tenga majuma manne ya mwanzo kwa ajili ya swali peke yake, wala usimruhusu yeyote kuanza kuandika kabla hujaliidhinisha swali lake.

Wengi watakuletea Ziwa Nakuru. Usiwakatalie, ila mwulize kila mmoja ni jambo gani la ziwa hilo linalomshangaza. Pengine atataja kupanda kwa maji, ambayo katika miaka ya 2010 na baadaye yamefunika lango kuu la zamani la mbuga na kuingia katika makazi ya watu upande wa Mwariki. Mwulize chanzo chake. Akisoma kidogo atakuta kwamba wataalamu wametaja mvua kubwa, udongo unaoletwa na mito kutoka sehemu za msitu wa Mau zilizokatwa miti, na hata misogeo ya ardhi ya Bonde la Ufa, na kwamba ziwa lenyewe halina mto unaotoka humo. Maelezo yakishakuwa zaidi ya moja, mwanafunzi ana la kupima, na swali linaweza kuwa hili: "Wakazi wa Mwariki wanaelezaje kupanda kwa maji ya ziwa, na maelezo yao yanaafikiana kwa kiasi gani na ya wataalamu?" Hakuna tovuti itakayomjibia.

Kabla ya kuliidhinisha swali, mtake mwanafunzi ataje vyanzo vitatu anavyoweza kuvifikia yeye mwenyewe. Mji wako una utajiri kuliko walimu wengi wanavyodhani. Kuna maktaba ya umma, kuna Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na kuna makumbusho ya Hyrax Hill, ambapo mwanaakiolojia Mary Leakey alichimbua makazi ya kale kuanzia mwaka 1937. Ushahidi wa hapo unaonyesha kwamba zamani sana ziwa lilifika hadi chini ya kilima hicho. Mwanafunzi anayeandika kuhusu mafuriko ya leo akikutana na habari hiyo, atalazimika kufikiri upya. Mwombe mwalimu mkuu aandike barua za utambulisho mapema, maana ofisi nyingi hazimpokei mwanafunzi aliyekuja mikono mitupu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni daftari la utafiti. Kila mwanafunzi awe na daftari la kawaida, kalamu na karatasi tu, na simu hazitahitajika. Ukurasa wa kushoto aandike alichokisoma, pamoja na jina la chanzo na ukurasa wake. Ukurasa wa kulia aandike anachokifikiri yeye. Tuseme kushoto ameandika kwamba maji yakiongezeka chumvi hupungua, na mwani ambao ndio chakula cha heroe hupungua pia, hivyo ndege hao huhama. Kulia anaweza kuandika: "Lakini katika miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka na heroe wakahama vilevile. Basi tatizo ni wingi wa maji au ni mabadiliko ya ghafla?" Sentensi hiyo ya kulia ndiyo utafiti. Ukiona kurasa za kulia ni tupu kwa majuma mawili, mwite mwanafunzi huyo mara moja, usingoje rasimu.

Likizo ya Aprili itumike kwa mahojiano, kwa kuwa ndipo watakapokuwa nyumbani karibu na wazee na majirani. Pitia maswali yao kabla hawajafunga shule. Anayeuliza, "Je, unakubali kwamba ukataji wa miti ndio ulioleta maji haya?" amekwisha kujijibu, anayeuliza, "Uliona maji yakianza kupanda lini, na unadhani yalitoka wapi?" atasikia jambo jipya. Wafundishe pia kumwomba mtu ruhusa kabla ya kuandika maneno yake, na kulificha jina lake akitaka.

Kuhusu kusoma kazi za wanafunzi 52, usijaribu kusoma rasimu nzima zote. Zungumza na wanafunzi wanne kila jioni wakati wa masomo ya ziada, dakika tano kwa kila mmoja, na katika jioni 13 utakuwa umewamaliza. Mazungumzo hayo ndiyo kinga yako dhidi ya kunakili na dhidi ya programu za akili unde, ambazo watazipata wakiwa likizoni upende usipende. Fungua daftari, onyesha nukuu moja, uliza: "Uliitoa wapi, na kwa nini uliichagua?" Aliyeifanya kazi hujibu bila kubabaika. Rasimu zisomwe kwanza na wanafunzi wenyewe wawili wawili, kila mmoja akimtajia mwenzake mahali ambapo dai halina ushahidi.

Alama zako zifuate kazi hiyo. Mimi ningetoa 15 kwa swali, 30 kwa daftari, 15 kwa rasimu na 40 kwa makala yenyewe, na ningewatangazia hivyo tangu siku ya kwanza, ili anayeanza juma la mwisho ajue kwamba tayari amepoteza zaidi ya nusu. Atakayegundua kwamba swali lake halijibiki, mruhusu alibadilishe hadi katikati ya muhula wa pili, mradi aandike aya moja ya kueleza kilichomkwamisha. Aya hiyo nayo ipewe alama.

Kurasa nane zilizoandikwa kwa mkono zinatosha. Ukidai ishirini, watajaza.