Seva Ikisema Prosesa Imeharibika, Usikimbilie Kununua Prosesa

Simu iliita saa moja kasoro asubuhi. Alikuwa mama mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, ninayemtunzia mitambo kwa miaka kadhaa sasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imezima tena. Vijana wamekaa tu, na kuna kontena linatakiwa litoke leo."

"Taa ya mbele ina rangi gani?"

"Ya chungwa. Inawaka na kuzima."

Ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki tano. Nilikuwa nimeshajua nitakachokikuta: skrini nyeusi, kibodi haijibu, feni zinavuma kwa nguvu zote, na kwenye logi ya mashine, yaani kumbukumbu ya matukio yake, mstari ule ule wa siku zote, CPU 2 IERR. Kosa la ndani la prosesa ya pili.

Nawaandikia mafundi wenzangu wa Tanga, Muheza, Pangani na kwingineko, mnaotunza seva moja au mbili katika ofisi ambayo haina mtaalamu wa pili wa kumwuliza. Mstari ule ulinipoteza kwa zaidi ya mwezi mzima, tena ukamtoa mama yule fedha ambazo hakupaswa kuzitoa. Sitaki nawe upite njia hiyo.

Kwanza tuelewe mashine inasema nini. Prosesa ya seva hujikagua yenyewe muda wote. Ikikutana na jambo isiloweza kulirekebisha, huandika habari zake kwenye rejista maalumu, kisha huipa bodi ishara kwamba kazi haiwezi kuendelea. Katika prosesa za Intel, sababu mojawapo ya ishara hiyo ni muda kuisha. Kuna kihesabio kinachoangalia kiini, yaani sehemu ya prosesa inayotekeleza maagizo, kimekaa muda gani bila kumaliza agizo hata moja. Kiini kikiomba data kwenye memori au kwenye kadi, na jibu lisije kabisa, kihesabio kinafika mwisho na prosesa inatangaza kosa la ndani. Kwa hiyo anayepiga kelele ni yule aliyekuwa anasubiri. Aliyeacha kujibu anaweza kuwa kadi ya mtandao, kadi ya diski, kijiti cha memori, au zile njia za shaba zinazowaunganisha.

Mimi nilisoma "CPU 2" nikaishia hapo. Nikamwambia mama prosesa ya pili imekufa. Ikaagizwa nyingine ya modeli ile ile kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi, nikaifunga Jumamosi. Siku ya tisa seva ikazima, na logi ikaandika CPU 2 IERR.

Jibu lile ningelipata bila kutoa hata shilingi. Kama seva ina prosesa mbili zinazofanana, zibadilishane: ya kwanza iende soketi ya pili, yaani kikao cha pili kwenye bodi, na ya pili iende ya kwanza. Kosa likihama pamoja na prosesa, basi prosesa ndiyo mgonjwa. Likibaki soketi ile ile, achana na prosesa, angalia soketi yenyewe, bodi, na kila kinachotegemea soketi hiyo. Ifanye kazi hii kwa utulivu. Katika soketi nyingi za seva pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba kiasi kwamba kidole kikizigusa zinapinda. Mulika kwa tochi ukiwa umeinamisha mwanga; pini iliyopinda hung'aa tofauti na wenzake. Futa pesti kuukuu yote, weka mpya kidogo, na kaza skrubu za kipozeo kwa mpangilio ulioandikwa kwenye kibandiko chake.

Jambo ambalo wengi hatufundishwi ni kwamba kwenye seva ya prosesa mbili, vijiti vya memori na nafasi za kadi vimegawanywa. Baadhi ni vya prosesa ya kwanza, vingine vya pili. Mchoro uko ndani ya kifuniko cha seva au kwenye kitabu chake. Kwa hiyo logi ikitaja CPU 2, isome kama jina la mtaa. Nyumba bado hujaijua.

Nilianza na memori. Memori ya seva ni ya ECC, inarekebisha kosa la biti moja na kutambua kosa la biti mbili, na kila rekebisho linahesabiwa. Kwenye Linux programu ya rasdaemon inaitunza hesabu hiyo. Kijiti kinachokaribia kufa mara nyingi huonyesha marekebisho yanayoongezeka siku hadi siku. Kwangu hesabu ilikuwa sifuri. Nikahamisha vijiti vya upande wa pili hadi wa kwanza, seva ikazima vilevile, kosa likabaki CPU 2.

Aliyenifungulia njia ni mlinzi wa usiku, mzee wa makamo ambaye hajawahi kuigusa kompyuta ile.

"Fundi," akaniambia jioni moja nikifunga begi langu, "ile mashine yako huanza kuvuma saa nane usiku. Saa hiyo ndipo huwa narudi kutoka geti la nyuma."

"Mzee wangu, logi inaonyesha saa tano."

"Saa tano huwa nimekaa pale mlangoni. Kimya kabisa."

Logi iliandika 23:04, na mimi nilikuwa nimeiamini wiki zote hizo. Nikaitafuta saa tano usiku kwenye ratiba za seva na sikuona kitu. Kumbe kompyuta ndogo iliyomo ndani ya seva, ile ambayo Dell wanaiita iDRAC na HPE wanaiita iLO, ina saa yake yenyewe, na saa hiyo ilikuwa imewekwa kwenye UTC, saa rasmi ya kimataifa. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo 23:04 ya logi ni 02:04 yetu, ndiyo saa nane na dakika nne za usiku. Mzee alikuwa sahihi kwa dakika zake zote.

Na saa nane kamili ya usiku ndipo bekapu inapoanza. Seva inasukuma faili zote za forodha kwenda kwenye mashine nyingine kupitia kadi ya mtandao ya gigabiti 10. Nikafungua ule mchoro wa ndani ya kifuniko. Kadi hiyo imechomekwa kwenye raiza ya pili (raiza ni kibao kinachounganisha kadi na bodi), na raiza ya pili inalishwa na prosesa ya pili.

Hapo sikutaka tena kukisia. Pia sikutaka kungoja siku tisa kwa kila jaribio, kwa sababu tatizo linalokuja baada ya siku tisa likinyamaza wiki moja halijakuambia lolote. Mwisho wa wiki nikaiagiza seva ifanye bekapu mfululizo, ikimaliza inaanza tena. Ikazima baada ya muda wa saa tano. Kwangu hizo zilikuwa saa tano za furaha, kwa kuwa tatizo ninaloweza kulileta kwa mkono ni tatizo ninaloweza kulipima. Nikahamisha kadi hadi raiza ya kwanza, bekapu zikaenda siku mbili bila kukatika. Nikachukua kadi nyingine nzima, nikaichomeka raiza ya pili, na kabla ya alfajiri seva ilikuwa imekufa. Kadi haikuwa na kosa. Raiza ndiyo iliyokuwa mbovu.

Niliichomoa nikaisogeza dirishani. Meno yake ya dhahabu, pale inapoingia kwenye bodi, yalikuwa na madoa meusi yenye ukijani pembeni. Chumba kile kina dirisha linalotazama bahari, na mchana vijana walikuwa wakilifungua na kuzima kiyoyozi ili kupunguza bili. Anayeishi Tanga anajua kusi inafanya nini kwenye bawaba za milango na mabati ya Raskazone. Chumvi ile ile inaingia kwenye seva, tena feni zinaivuta kwa bidii saa 24. Usiyasugue meno kama hayo kwa kifutio ukategemea yatapona. Tabaka la dhahabu ni jembamba mno, ukilimaliza unaacha shaba wazi. Tuliagiza raiza nyingine. Bei yake haikufika hata robo ya bei ya prosesa tuliyoinunua bila sababu. Dirisha limefungwa kwa silikoni, na kiyoyozi kinakaa nyuzi 24. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27.

Sasa kuhusu ushahidi, maana hapa ndipo ninapoona wenzangu wakipoteza mengi. Seva ikikwama, piga picha skrini na taa zake kabla hujagusa kitufe. Ingia kwenye ile kompyuta ndogo ya usimamizi kupitia mtandao wake, nakili logi yote, ama kwenye Linux tumia amri ya ipmitool sel elist. Kisha iwashe seva upya kwa amri ya kuanza upya, usichomoe waya wa umeme. Rejista za makosa za prosesa huhifadhi maandishi yake mashine ikianza upya, lakini umeme ukikatika yanafutika, na maandishi hayo ndiyo yanayoweza kukutajia kama lawama ni ya memori au ya njia ya kadi. Katika ofisi ile kijana mmoja alikuwa akifuta logi ili taa ya chungwa izime. Alifanya kwa nia njema. Tulipoteza matukio mawili ya kwanza, na ningeyapata labda ningeiona saa nane mapema zaidi.

Kwenye Linux hakikisha folda ya /var/log/journal ipo, ndipo amri ya journalctl -k -b -1 ikupe maneno ya mwisho ya kerneli, moyo wa mfumo endeshi, kabla ya kuzimika. Kwenye Windows tafuta matukio ya WHEA-Logger, yanayoandika makosa ya vifaa. Tukio namba 41 la Kernel-Power linawatisha wengi, lakini lenyewe linasema tu kwamba mashine ilianza upya bila kuzimwa vizuri. Umeme ukikatika na UPS, ile betri ya akiba, ikiwa imechoka, utaliona hilo hilo, bila IERR yoyote. Usiyachanganye mawili hayo.

Sisemi prosesa haziharibiki. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikidhoofika kwa sababu ya volteji kubwa kupita kiasi, wakatoa mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Hizo ni prosesa za kompyuta za mezani, lakini ni ofisi ngapi hapa mjini zinazotumia kompyuta ya mezani kama seva? Kama unayo, sasisha bayosi, programu inayoiamsha mashine, leo, ingawa mikrokodi hairudishi uzima wa prosesa iliyokwisha kudhoofika. AMD nao mwaka 2023 walichapisha kasoro ya prosesa za EPYC za kizazi cha pili: baada ya siku kama 1,044 bila kuanzishwa upya, kiini kinaweza kushindwa kuamka kutoka kwenye usingizi mzito wa kuokoa umeme. Ni karibu miaka mitatu. Ukiizima na kuiwasha seva kwa ratiba, hutaiona.

Prosesa tuliyoitoa kwa makosa niliirudisha mahali pake, na ile mpya iko kwenye boksi lake, kabatini kwa mama, kama akiba. Saa ya iDRAC au iLO naiweka sasa kwenye saa za Afrika Mashariki siku ya kwanza ninapoifunga seva yoyote. Na pembeni ya seva ile nimetundika daftari lenye kalamu ya kamba, ambamo kila tukio linaandikwa tarehe, saa, rangi ya taa, na kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho. Kurasa zake za usiku zinaandikwa na mlinzi.