Maji ya Kinjikitile bado yanatiririka

Mkuu unasema historia ni ya kukaririwa tu kwa ajili ya mtihani, leo haina kazi, mi nakataa. Cheki vita ya Majimaji, ile ya kumpinga mkoloni Mjerumani huku kusini mwa Tanzania. 1905 Wamatumbi wamechoka kulimishwa pamba ya Mjerumani, mganga Kinjikitile kule Ngarambe anagawa maji kwamba risasi itageuka maji, na watu wa makabila kibao ambao hawakuwa na mpango wa pamoja wakajikuta vita moja. Walipigwa vibaya, Mjerumani akachoma mashamba na maghala na njaa ndo ikaua wengi kuliko bunduki. Sasa ona, 1956 Nyerere anasimama UN kudai uhuru anakumbushia vita hiyohiyo, kwamba wazee walijaribu kwa mikuki ikashindikana so sisi tunadai bila kumwaga damu. Hiyo ndo TANU, chama chake cha kudai uhuru, yote hapo! Na Songea mpaka leo Februari 27 wanawakumbuka walionyongwa 1906, hata timu ya mpira inaitwa Majimaji 😂

Alafu vuka ziwa uende Kongo, 1964 waasi walioitwa Simba wanaingia vitani wanapiga kelele "Mai Mulele", yaani maji ya Mulele, kiongozi wa waasi, wamenyunyiziwa maji. Na Mai-Mai, wale wanamgambo wa Kivu mashariki mwa Kongo unaowasikia kwenye habari hilo jina unadhani limetoka wapi?