Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Kasisi Iliyogeuka Makazi

Mafundi, habari za kazi. Tumenunua nyumba ya zamani ya kasisi huko Suffolk, Uingereza. Kijiji ni kidogo na kanisa dogo, lakini nyumba ina vyumba saba vya kulala na ngazi mbili. Kasisi wa kijiji alikuwa na haja gani na jumba lote hili?

Ndugu msomaji, chanzo ni zaka. Kasisi mwenye cheo cha rekta alipokea zaka zote za parokia yake, ile kubwa ya nafaka na nyasi kavu pamoja na ile ndogo. Vika, kasisi wa cheo kingine, aliambulia ndogo tu, na ndiyo maana nyumba yake mara nyingi huwa ya kiasi. Kisha ikaja Sheria ya Gilbert ya 1776, iliyowaruhusu makasisi kukopa kwa dhamana ya mapato ya parokia ili wajenge au wakarabati makazi yao. Rekta tajiri akajenga kama bwana shamba, tena alikuwa na watoto, watumishi na farasi wa kuwaweka.

Ngazi ya nyuma, ile nyembamba, ilikuwa ya watumishi. Kile chumba kilicho karibu na mlango wa mbele au wa pembeni huenda kilikuwa chumba cha kasisi cha kusomea: waumini waliingia, wakasema shida zao na kuondoka bila kupita sebuleni kwa familia. Msiharakishe kuibomoa ngazi ya nyuma ili kupata bafu. Nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, hata ngazi hiyo inalindwa, maana ulinzi huwa wa jengo zima, ndani na nje.

Kuta za nje ni za matofali. Mwenye nyumba aliyetangulia alijaza viungio kwa saruji. Sasa nyuso za matofali zinabanduka kama maganda, na ndani plasta ina unyevu hadi kiunoni. Kampuni moja inataka kutoboa ukuta na kuingiza dawa ya kuzuia maji. Tukubali?

Hapana, angalau si sasa. Ukuta huu haukujengwa kuzuia maji yasiingie kabisa. Ulijengwa uyapokee kidogo na kuyatoa kupitia viungio vya chokaa, ambavyo ni laini na vina vinyweleo vingi kuliko tofali. Saruji imeziba njia hiyo, hivyo maji yanatokea usoni mwa tofali. Yanapoganda wakati wa baridi hutanuka, na chumvi nayo hujijenga chini ya uso; ganda linabanduka. Dawa ya kutoboa haigusi chanzo hicho.

Anzeni na vitu vya bure. Pimeni udongo wa nje: uwe chini ya sakafu ya ndani kwa milimita 150 au zaidi. Kwenye nyumba za miaka 200, vitanda vya maua na changarawe hupandisha ardhi polepole bila mtu kugundua. Mvua kubwa ikinyesha, tokeni nje muangalie mabomba ya paa. Bomba la chuma la zamani hupasuka upande wa nyuma, ule unaoelekea ukuta, ambako brashi ya rangi haifiki. Pitisheni kioo kidogo nyuma yake mtaona.

Baada ya hapo ndipo viungio. Toeni saruji kwa tindo jembamba na nyundo, si kwa mashine ya kukatia, maana mashine hula kingo za tofali. Mahali ambapo saruji imeshika kiasi cha kung'oa tofali, iacheni; madhara ya kuitoa ni makubwa kuliko faida. Chimbeni kina cha mara mbili ya upana wa kiungio, na kisipungue milimita 25. Ondoeni vumbi kwa brashi, kisha lowesheni ukuta. Tofali kavu hunyonya maji ya mota (mchanganyiko wa chokaa na mchanga wa kujazia viungio) kabla haijashika, na mota hiyo hubaki unga.

Mchanganyiko unaofaa ukuta wa namna hii ni fungu moja la chokaa haidroliki ya asili, yaani inayoshika kwa maji (mfuko umeandikwa NHL 2 au NHL 3.5) kwa mafungu mawili na nusu ya mchanga mkali uliooshwa, mkipima kwa ndoo wala si kwa koleo. Msiongeze saruji "kidogo ili ishike haraka". Hicho kidogo ndicho kinachorudisha tatizo. Shindilieni mota kwa mwiko mwembamba hadi ndani kabisa, na ikianza kukaza, igongeni kwa ncha za brashi ngumu ili punje za mchanga zionekane. Funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, au baridi kali ikitabiriwa usiku, simamisheni kazi.

Halafu subirini. Mafundi huhesabu mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa milimita 340 unaweza kuchukua zaidi ya mwaka kukauka. Atakayewapigia plasta mpya wiki ijayo anawauzia madoa.

Madirisha yetu ya kupandisha na kushusha yanapitisha upepo. Tunaweza kuweka vioo viwili viwili kwenye fremu zilezile?

Pigeni hesabu ya uzito kwanza. Kioo huwa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kioo cha zamani cha milimita 2 ni kilo 5 kwa mita ya mraba. Viwili vya milimita 4 ni kilo 20. Vile vyuma vinavyoning'inia ndani ya sanduku la fremu vilipimwa kwa kioo cha kwanza. Bila vizito vipya vya risasi, dirisha litashuka kama panga. Isitoshe, vijiti vya mbao vinavyogawa vioo mara nyingi vina upana wa milimita 15 hivi, haviwezi kuficha kingo za kioo pacha.

Bora fremu ya pili nyembamba upande wa ndani, ya kuondolewa kiangazi, pamoja na vipande vya brashi kwenye mifereo. Kamba zinazoning'iniza vizito zikikatika, badilisheni zote nne kwa pamoja. Vizito vya fremu ya juu viwe vizito kidogo kuliko fremu hiyo, na vya fremu ya chini viwe vyepesi kidogo kuliko fremu yenyewe. Hapo dirisha hujifunga lenyewe.

Kuna dirisha lililozibwa kwa matofali upande wa mashariki. Ni kwa sababu ya kodi ya madirisha?

Huenda, kwani kodi hiyo ilidumu tangu 1696 hadi 1851. Lakini mengi yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo ili sura ya nyumba ilingane pande zote. Tazameni ukingoni: matofali ya kuziba yakiwa yameshonana na ya ukuta, halikuwahi kufunguka. Kukiwa na mstari wima wa mota usiokatika, lilizibwa baadaye. Kwenye jengo lililo katika orodha, kulifungua bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, hata kama mnarudisha kilichokuwepo.