Re: Ukoga ndani ya mpira wa tangi unapandaje kwenda juu?
Kaka umeuliza vipi ukoga unapanda kuelekea tangini na wakati maji yanashuka kwa nguvu. Skiza, pale ukutani kabisa maji hayendi kasi kama katikati, karibu yamesimama, na ukoga wenyewe ni bakteria walojikusanya ndani ya ute wao, bakteria mmoja ana mikromita 1 au 2 tu, ndani ya milimita moja wanaenea 500 na zaidi, basi anaishi ndani ya ule upole na ute wake unamgandisha. Ila anonishangaza mie ni bakteria mmoja aitwae Pseudomonas aeruginosa, huyu ana vinyweleo nchani mwa mwili, anakirusha kimoja kinashika ukuta, anakivuta, anajikokota, na maji yakimsukuma yanamgeuza ncha ile ilioshika ielekee yanakotoka, kwa hivo anapanda, kama mtu yumo ngarawani anavuta kamba ya nanga. Ute mwengine unavutwa na mkondo unakuwa nyuzi ndefu zinapepea kama mwani kwenye kamba kule Paje, Zanzibar, zikikatika zinaganda mbele. Kwa hivo usitegemee kufungulia maji tu, ingiza brashi usugue kwanza ndo utie klorini, ule ute unaizuia dawa isifike ndani.