Madogo mnaokata miti, mwacheni yule wa laki 4 na nusu

Wiki iliyopita dogo mmoja kanipigia ana furaha kweli, "broo nimepata kazi Mikocheni, wenzangu wote nimewashusha kwa bei!" Nikamuuliza, na bima? Kimya. Haya, kaeni chini.

1. Ukifika saiti usianze na bei, toa cheti cha bima kwanza, mteja asome mwenyewe tarehe.

2. WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni wa vijana wako wakiumia kazini, haimlipi jirani. Ukivunja tanki la jirani, hiyo ni bima ya dhima, ile inayolipa mali ya mtu uliyemharibia. Msizichanganye mbele ya mteja, mnanitia aibu.

3. Usimfuate wa bei chee. Mbezi Beach, mwembe umelalia ukuta wa jirani, nikatoa kotesheni ya milioni 1 na laki 2. Mama mwenye nyumba akasema kuna kijana kataja laki 4 na nusu na kuni anabeba mwenyewe. Nilijua kabisa huyo kijana ana panga, kamba ya katani na Mungu wake. Ningeaga tu. Ila ada za watoto zilikuwa zinanikaba, mdomo ukatoka wenyewe: laki 5 mama, kesho asubuhi niko hapa. Sasa ili laki 5 itoshe nikamwacha mtu wa kamba, yule anayelishika tawi lisiende kwa jirani, na bima ilikuwa imeisha siku 11, nikajiambia nikilipwa tu naihuisha. Yaani nikawa yule yule kijana, nimemzidi helmeti tu.

Tawi la mwisho, nene kama kiuno cha mtu. Sikutia mkato wa chini kwanza, nina haraka, nikaingia juu moja kwa moja, likachanika na gome refu kama unamenya muhogo, likazunguka likaenda kule kule ambako mtu wa kamba angelizuia. Tanki la jirani, lita 2,000, na mnara wake. Kishindo sikumbuki, nakumbuka maji, yanashuka kwenye nguo zilizoanikwa, yanaingia banda la kuku, na mzee wa watu katoka na kanzu, ananitazama kule juu, hasemi kitu, kanyoosha kidole tu: shuka. Tukayamalizia serikali ya mtaa, milioni 2 na laki 8, nimelipa miezi 7 na chensoo nikauza. Mti wa laki 5 huo.

4. Waya ukipita kwenye matawi, TANESCO wazime kwanza, usijifanye shujaa.

5. Usimponde mwenzako. Muulize mteja tu, tawi likidondokea kwa jirani, atagongewa geti nani? Halafu nyamaza. Wengine watakuacha, waache. Juzi mmoja kanirudia saa 2 usiku, fundi wake wa bei poa kaacha tawi linaning'inia juu ya gari na simu hapokei. Nikamwambia bei ni ile ile. Akaguna weee. Nikamwambia sawa mama, nakuja asubuhi, ila gari lisogeze usiku huu huu.