Kabla Hujawauliza Wanafunzi Kuhusu Nidhamu

Ukimuuliza mwanafunzi kama adhabu za shuleni kwao ni za haki, huku mwalimu wa nidhamu amesimama mlangoni, atakujibu "ndiyo" hata hujamaliza swali. Usimlaumu, anajua atabaki na nani ukishaondoka. Mwombe mwalimu atoke, kwa heshima, na usianze mpaka ametoka.

Halafu achana na maswali ya maoni matupu. Uliza tukio: mara ya mwisho mwenzako kuadhibiwa alikuwa amefanya nini? Aliulizwa chochote kwanza? Nani mwingine aliadhibiwa? Hapo ndipo mambo hutoka. Mara nyingi nimesikia malalamiko machache juu ya ukali kuliko juu ya darasa zima kuadhibiwa kwa kosa la mmoja, au wawili kufanya kosa lilelile na mmoja akaachwa.

Dodoso lisilo na jina halitoshi kumficha mtu. Mwalimu wa darasa anaijua miandiko ya wanafunzi wake, na ukiuliza kidato, jinsia na umri kwa pamoja umeshamtaja. Weka maswali mengi ya kutia alama ya vema, na karatasi zikusanywe na mtu asiyewafundisha. Kwenye ripoti pia, kama waliosimamishwa masomo katika kidato kimoja ni wawili tu, usiwape safu yao peke yao.

Viranja wahoji kando. Yule anayeandika orodha ya wapiga kelele hawezi kukaa kikundi kimoja na anayeandikwa kila siku, kisha wote wakasema kweli.

Kingine ambacho wageni wengi hawakioni: siku ya kukusanya maoni, wanaoijua adhabu vizuri zaidi huenda hawapo. Wamesimamishwa, au wametoroka. Pitia daftari la mahudhurio uwatafute baadaye, la sivyo utaandika maoni ya watiifu.

Usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, utalazimika kuwaambia wenye dhamana ya kumlinda. Mweleze hilo kabla hajaanza kuzungumza. Ridhaa ya mzazi pekee haitoshi. Naye akubali, na aruhusiwe kuacha swali lolote.

Mkuu wa shule akikuuliza watoto wanajua nini, mkumbushe Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989. Ibara ya 12 inawapa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayowahusu, na ya 28 inataka nidhamu ya shule iheshimu utu wao. Mweleze kwa upole, maana funguo za madarasa anazo yeye.

Mwisho, rudi kwao. Waambie kipi kitabadilika, kipi hakitabadilika na kwa nini. Usiporudi, safari ijayo utapokea madodoso yaliyotiwa alama kwenye "sijui" kuanzia juu hadi chini.