Kiunzi cha kuoteshea mfupa: maswali yenu

*Mfupa ukivunjika huunga wenyewe. Kiunzi cha nini?*

Ufa huunga, kweli. Pengo kubwa, kama linaloachwa na uvimbe uliokatwa, mara nyingi haliunganiki: nyama laini huwahi kulijaza. Kiunzi, yaani umbo lenye vitundu linalowekwa ndani ya pengo, huishika nafasi hiyo na kuzipa seli za mfupa pa kutambaa. Kuchota mfupa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe bado ndiyo njia inayoaminika zaidi, ila hauchoteki mwingi, na palipochotwa huuma.

*Kwa nini wachanganye vitu wanapotengeneza kiunzi? Si wachague kimoja kilicho bora?*

Nimelingojea sana swali hili. Loweka mfupa mwembamba wa kuku kwenye siki kwa siku kadhaa. Madini huyeyuka, ikabaki kolajeni, yaani protini yenye nyuzi, na mfupa unapindika kama mpira. Mwingine uchome motoni mpaka uwe mweupe: sasa kolajeni ndiyo iliyoungua, na mfupa unamomonyoka vidoleni. Mfupa wenyewe ni mchanganyiko. Karibu theluthi mbili za uzito wake ni madini. Ndiyo maana haidroksiapatiti (madini kama yale ya mfupa) peke yake huvunjika kama kigae, na polima (kitu cha jamii ya plastiki) peke yake hulegea, tena seli haziishiki vizuri. Zikiwa pamoja, kila moja huziba udhaifu wa mwenzake. Hata asidi inayotolewa na polima iitwayo polilaktiki inapovunjika mwilini hupunguzwa makali na fosfati ya kalsiamu, madini ya jamii ya haidroksiapatiti, iliyo kando yake.

*Nimesikia kioo hushikana na mfupa. Kweli?*

Kweli, ila ni kioo cha aina maalumu. Mwanasayansi Larry Hench alikitengeneza Marekani mwaka 1969. Kikiwa mwilini, juu yake hujengeka tabaka linalofanana na madini ya mfupa.

*Vitundu vile vya kazi gani?*

Vya kupitishia mishipa ya damu. Bila damu, seli za katikati hufa. Watengenezaji wengi hulenga upana wa mikromita 300 hivi (kama theluthi moja ya milimita), na vitundu sharti vipitane. Ubaya ni kwamba kila tundu linakipunguzia kiunzi nguvu.

*Kitabaki mwilini daima?*

Hutegemea kimeundwa na nini. Polikaprolaktoni, polima nyingine, huchukua miaka miwili au zaidi kuisha. Kiunzi kikiisha mapema, pengo hurudi. Kikichelewa, hubeba mzigo wa mfupa, na mfupa usiobeba mzigo hudhoofika.

*Nitawekewa, lakini navuta sigara. Kuna neno?*

Lipo, tena kubwa. Acha sasa, kabla ya upasuaji. Nikotini hubana mishipa ya damu, ile ile ambayo kiunzi kinaingoja.